Shada la Maua Saa Mbili Asubuhi

Hotuba hii niliitoa jioni moja jijini Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaojifunza Kijapani na wapenzi wengine wa muziki. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu mliofika, walimu, kaka na dada zangu, nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, hamjambo.

Waliponialika waliniambia nije niseme chochote kuhusu muziki wa Kijapani. Chochote ni kingi mno, kwa hiyo nimekuja na albamu moja. Inaitwa Fantôme, ni ya Utada Hikaru, na ilitoka tarehe 28 Septemba 2016. Ina nyimbo 11 na haifiki saa nzima. Kwa ambao bado hamjazoea majina ya huko, Utada ni ukoo na Hikaru ni jina lake. Wajapani hutanguliza ukoo. Karibu kila neno na kila nota humo ni kazi ya mkono wake, na moyo wa kazi yote ni mtu aliyefiwa na mama.

Nianzie mezani, maana mimi nilikutana na albamu hii mezani, miezi mitano na zaidi kabla haijatoka.

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma Osaka. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Wakati wa baridi nilikuwa nikimbebea madumu ya mafuta ya taa ya kuwashia hita, naye akanikataza kabisa kula peke yangu asubuhi. Basi kila siku nilishuka nikamkuta ameshapakua: wali, supu ya miso, kipande cha samaki wa kuchoma, figili za achari. Nilimwita Obaasan, yaani Bibi. Televisheni ilikuwa imewashwa, na saa mbili kamili, saa zetu hizi za kuhesabu kutoka alfajiri, ilianza tamthilia ya asubuhi ya shirika la utangazaji la NHK.

Tamthilia hizi zimekuwapo tangu 1961. Ni dakika kumi na tano kwa siku, na miaka ile zilikwenda Jumatatu hadi Jumamosi, nusu mwaka mfululizo. Watu huzitazama huku wakifunga kamba za viatu, wakimvalisha mtoto sare, wakikoroga supu. Iliyoanza tarehe 4 Aprili 2016 iliitwa Toto Neechan. Toto hapo ni namna ya kitoto ya kumwita baba, na neechan ni dada mkubwa. Ni habari ya binti aliyefiwa na baba kwa kifua kikuu, akabeba nafasi ya baba kwa wadogo zake na mama yake. Wimbo wa kufungulia ulikuwa wa Utada, na jina lake ukilileta kwetu ni kama "Shada la Maua Kwako".

Ni wimbo mwanana. Piano inatembea, sauti inakuja bila haraka. Mwanzoni kabisa anatajwa mtu ambaye siku zote hajipambi, lakini asubuhi hii amepakwa vipodozi kidogo tu. Mimi nilidhani ni bibi harusi. Sikuwa peke yangu; darasani tulikuwa wageni watano na wote tulisema ni harusi. Maua yapo, kupambwa kupo, na kuna mtu anayeambiwa maneno ya upendo na mwenzake. Kama si harusi, ni nini?

Siku ya tatu au ya nne Obaasan aliweka vijiti chini, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, akaniambia: "Huyu anayepambwa ni maiti."

Niwaeleze desturi yenyewe, kwa sababu bila kuijua wimbo huu unabaki nusu. Kwa Wajapani wengi, mtu akifa mwili husafishwa, huvalishwa nguo nyeupe, na uso hupakwa vipodozi hafifu ili wanaokuja kumuaga wamwone kama alivyokuwa. Vipodozi hivyo vina jina lake, shinigeshō. Halafu, kabla jeneza halijafungwa na kupelekwa kuchomwa, ndugu hupita mmoja mmoja wakimpangia maua kandokando: shingoni, mikononi, mpaka mwili unazama ndani ya maua. Hilo ndilo shada lenyewe. Kumbe kila asubuhi, kwa miezi sita, taifa zima lilikuwa linakunywa supu huku mtu anamzika mama yake mbele yao, kwa sauti ya upole kiasi kwamba waliotaka kusikia harusi walisikia harusi, na waliokwisha kufiwa wakaelewa.

Sasa niseme langu, kisha nirudi kwake. Mama yangu alifariki Tanga mwezi wa Novemba 2015. Kwetu maiti hailazwi. Kaka yangu aliponipigia simu alikuwa anatoka makaburini, nilisikia upepo na watu wakizungumza nyuma yake. Sikuosha, sikubeba jeneza, sikutia mchanga, sikukaa matanga. Wiki ile ile nilifanya mtihani, nikafaulu, na sikulia. Watu waliniona jasiri. Mimi nilijiona nimekauka. Kwa hiyo Obaasan aliposema yale maneno, nilisikia kitu kikilegea kifuani. Nilikumbuka kwamba na kwetu pwani bibi harusi na maiti wote wawili huogeshwa na kufukizwa udi, na wanaowafanyia hivyo ni walewale akina mama. Nilitoka mezani bila kumaliza wali. Obaasan hakuniita.

Jioni ndipo aliponisimulia habari za Fuji Keiko.

Ndugu zangu, huwezi kuisikiliza Fantôme bila kumjua mwanamke huyu. Fuji Keiko alizaliwa tarehe 5 Julai 1951 katika mkoa wa Iwate, akakulia Asahikawa, Hokkaido, kaskazini kabisa ambako theluji hufika madirishani. Wazazi wake walikuwa waimbaji wa kutangatanga wa rōkyoku, usimulizi wa kuimbwa unaosindikizwa na shamisen, kinanda chenye nyuzi tatu. Mama yake alikuwa kipofu. Mtoto huyo alikua akiimba ili nyumbani kupatikane chakula. Mwaka 1969 alitoa wimbo wake wa kwanza huko Tokyo, na mwaka uliofuata Japani nzima ikawa yake: albamu yake ya kwanza ilikaa namba moja wiki 20 katika orodha ya mauzo ya Oricon, ya pili ikaipokea na kukaa wiki 17. Wiki 37 mfululizo, mtu mmoja, kijana ambaye hajatimiza hata miaka ishirini.

Aliimba enka. Mkitaka kuielewa enka, fikirini nyimbo za majonzi ya mapenzi, pombe, mvua na stesheni za treni, zinazoimbwa kwa sauti inayotetemeka makusudi. Sauti ya Fuji Keiko ilikuwa na ukavu, kama ya mtu aliyekwisha kulia kabla hujafika. Mwandishi Itsuki Hiroyuki alibadilisha herufi ya kwanza ya neno enka ili lisomeke kama wimbo wa kinyongo, wimbo wa mtu aliyedhulumiwa, akasema hiyo ndiyo sauti ya binti huyu. Obaasan alikuwa na sahani yake ya santuri. Aliitoa kabatini ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, akanionyesha picha, akairudisha. Hakuwa na cha kuichezea tena.

Mwaka 1982 Fuji Keiko aliolewa na Utada Teruzane, mtayarishaji wa muziki. Tarehe 19 Januari 1983 wakapata mtoto New York, wakamwita Hikaru, maana yake kung'aa. Mtoto huyu alikulia studio, kati ya New York na Tokyo, baba na mama wakirekodi huku yeye akifanya kazi za shule pembeni. Wakati mwingine watatu hao waliimba pamoja kama kundi la kifamilia. Desemba 1998, akiwa na miaka kumi na tano, alitoa wimbo wake wa kwanza wa Kijapani. Machi 1999 ikaja albamu First Love, na hiyo sina haja ya kuieleza sana: iliuza zaidi ya nakala milioni saba nchini Japani, na hakuna albamu iliyowahi kuipita pale. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Jaribuni kupima uzito huo. Mnaoimba hapa mnajua mtu akishangiliwa sana mapema hukua akiwa anatazamwa. Agosti 2010, akiwa na miaka ishirini na saba, Utada alitangaza kwamba anasimama. Kwa Kijapani alisema anakwenda kufanya ningen katsudō, shughuli za kibinadamu. Wasanii wa huko huita kazi yao "shughuli za muziki", kwa hiyo maneno hayo yalitua kwa uzito: nimekuwa kwenye shughuli za muziki tangu utoto, sasa naenda kwenye shughuli za kuwa mtu. Alifanya maonyesho mawili ya kuaga, Yokohama, tarehe 8 na 9 Desemba 2010, akaondoka.

Wengi walilalamika. Walisema anapoteza miaka yake bora. Mimi nasema bila miaka ile sita Fantôme isingekuwapo, na hilo ndilo jambo kubwa lililonileta hapa leo. Huwezi kutunga kifo cha mama yako ukiwa na ratiba. Lazima kwanza ukae nacho. Ule nacho, ulale nacho, uende nacho sokoni.

Kwa sababu katikati ya miaka ile, tarehe 22 Agosti 2013, Fuji Keiko alifariki Tokyo kwa ghafla. Alikuwa na miaka 62. Mwanawe alitoa taarifa fupi akaeleza kwamba mama yake alikuwa ameugua maradhi ya akili kwa muda mrefu. Mlangoni mwa familia kulikuwa na kamera. Niliyoyasema yanatosha, zaidi ya hapo ni faragha ya wafiwa. Mwaka 2014 Utada aliolewa, na 2015 akapata mtoto wa kiume. Mtoto huyo asingemjua bibi yake. Na nadhani hapo ndipo albamu ilipoanza kweli, pale aliyefiwa na mama alipogeuka kuwa mzazi, akaanza kuona kwa mikono yake mwenyewe kazi aliyofanyiwa asiyoweza kuikumbuka: kubebwa, kuoshwa, kubembelezwa usiku.

Alirekodi London. Akachukua neno la Kifaransa kuwa jina. Fantôme ni kivuli cha mtu aliyekufa, ni mzimu, ni kitu kisichokuwapo ambacho bado kipo. Nikilitafakari jina hilo huwa nasikia nyuma yake neno la Kijapani kehai, ambalo wanafunzi mmelisoma: kuhisi kwamba mtu yuko chumbani kabla hujageuka kumwona. Jalada ni picha nyeusi na nyeupe ya uso wake. Hana pambo lolote.

Sasa nyimbo. Sitazipitia zote, nyingine mtazisikiliza wenyewe.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Michi", njia. Mtu anayejua habari za msiba angetegemea albamu ifunguke kwa kilio, na badala yake inafunguka kwa mdundo wa kuchezeka. Ulitumika hata kwenye tangazo la maji ya kunywa. Lakini sikilizeni maneno: anasema hata ile njia aliyodhani ameitembea peke yake, mwanzo wake ulikuwa ni wewe. Wewe huyo hatajwi jina wala hasemwi kwamba ni mama. Nimeusikia wimbo huu ukipigwa dukani Osaka, watu wakichagua nyanya, na nikatamani kusimama katikati ya duka niwaambie, jamani, mnasikia kinachosemwa?

Hapa pana jambo la lugha. Zamani Utada alikuwa akichanganya sana Kiingereza na Kijapani. Amekulia lugha mbili, na wimbo wa pop wa Kijapani hupenda kiitikio cha Kiingereza. Katika Fantôme alikusudia Kijapani kibebe mzigo. Kiingereza kimebaki hapa na pale, kipo hata ndani ya "Michi", lakini pale ambapo jambo lenyewe linasemwa, linasemwa kwa lugha ya mama. Nami niliyeishi ugenini naelewa. Nilikuwa nikiota kwa Kijapani kuhusu mitihani na treni. Mama alipokuja ndotoni alikuja na Kiswahili chake cha Tanga.

Wimbo wa pili umenifunza zaidi ya vitabu vya sarufi. Unaitwa "Ore no Kanojo", yaani mpenzi wangu, kwa kinywa cha mwanamume. Ninyi mnaosoma Kijapani mnajua balaa la neno "mimi" katika lugha ile: kuna watashi, kuna boku, kuna ore, na kila moja linamvika msemaji jinsia, umri na kiburi chake. Sisi tuna "mimi" moja. Katika wimbo huu anaanza mwanamume, kwa ore yake, akimsifu mpenzi wake jinsi alivyo mtulivu na asiye na maswali. Kisha anajibu mwanamke, na tunagundua anavyojibana ili aonekane hivyo. Sauti inayoimba pande zote mbili ni moja. Mwishoni wimbo unapasuka, unaingia Kifaransa, kana kwamba Kijapani kimewafungia wote wawili vinywa. Juni 2021, miaka mitano baadaye, Utada alieleza hadharani kwamba hajihesabu moja kwa moja katika fungu la wanawake wala la wanaume. Nikausikiliza tena wimbo huo siku hiyo. Na nashukuru leo nazungumza Kiswahili, maana "a" yetu ya "anaimba" na "ameimba" inampokea kila mtu bila kumuuliza.

Wa nne ni wa furaha, ameuimba pamoja na Shiina Ringo. Hawa wawili walianza mwaka mmoja, 1998, katika kampuni moja ya kurekodi, wakakua sambamba. Sasa wote ni wazazi, na wimbo ni wa watu wawili wanaotamani likizo ya saa mbili tu kutoka kwenye kazi za nyumbani. Saa mbili! Akina mama mlio hapa mnacheka kwa sababu mnajua. Niliwahi kusoma watu wakisema wimbo huu umekaa vibaya ndani ya albamu ya msiba. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika matanga yoyote niliyowahi kukaa pwani, siku ya tatu jikoni kunakuwa na kicheko. Wanawake wanamenya vitunguu, mmoja anakumbuka kituko cha marehemu, na nyumba nzima inapumua.

"Tomodachi" ameuimba na Obukuro Nariaki, kijana ambaye wakati ule wengi hawakumfahamu. "Bōkyaku", maana yake usahaulifu, ni pamoja na rapa KOHH, na humo ndimo mlimo na giza zaidi. Ule wa kumi, wa siku bora ya maisha, kwangu ni mwepesi mno kwa nafasi uliyopewa, kati ya wimbo wa kusahau na wimbo wa mwisho. Huwa nauruka. Mwalimu wangu mmoja alinigombeza kwa hilo, akasema bila ule mwanga wa mwisho usingeistahimili huo unaofuata. Huenda ana haki. Bado nauruka.

Unaofuata ni "Sakura Nagashi", maua ya mcheri yanayochukuliwa na maji. Sikilizeni tarehe zake vizuri. Huu ulitoka 17 Novemba 2012, katikati ya ukimya wake, kwa ajili ya filamu ya katuni ya Evangelion, mwaka mmoja na miezi minane baada ya tetemeko na tsunami ya 11 Machi 2011. Fuji Keiko alikuwa hai. Yaani wimbo unaofunga albamu ya kumlilia mama ulitungwa mama angali anapumua. Unaanza na piano peke yake, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa vidole, kisha unapanda, unapanda, mpaka magitaa yanafurika. Miezi tisa baadaye msiba ukaja ukaupa mwenyewe, nao ukasimama bila kuguswa mpaka 2016. Wanaotunga mtanielewa: kuna kazi hutangulia maisha, inakaa inakungoja. Utada aliutambua akauweka mwisho, mahali pa kuagana.

Albamu ilipotoka ilishika namba moja kwenye Oricon, na wiki ya kwanza iliuza zaidi ya nakala 250,000, katika mwaka ambao watu walikuwa wanasema santuri zimekwisha. Katika Tuzo za Rekodi za Japani za 2016 ilichukua tuzo ya albamu bora. Hayo napita haraka, kwa sababu kuna jambo moja la mwisho wa mwaka linalonigusa zaidi.

Usiku wa 31 Desemba NHK hurusha Kōhaku, onyesho la nyimbo la timu nyekundu ya wanawake na nyeupe ya wanaume. Familia hukusanyika, hula tambi za soba za kuaga mwaka, hutazama. Utada, pamoja na umaarufu wote ule, hakuwahi kushiriki. Mwaka 2016 alishiriki kwa mara ya kwanza, kwa matangazo kutoka London, na wimbo aliouchagua ulikuwa ule wa shada la maua. Mama yake alisimama kwenye Kōhaku kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Tulikuwa mezani mimi na Obaasan, miguu yetu ndani ya kotatsu, ile meza yenye blanketi na joto chini. Hakusema kitu. Wimbo ulipokwisha alinyanyuka akaenda kwenye madhabahu ndogo ya mume wake pembeni ya sebule, akagonga kengele mara moja, akarudi kumalizia tambi zake.

Nami usiku ule nilipanda chumbani nikamwandikia mama barua. Nilimweleza mitihani, theluji, Obaasan, figili za achari. Nilipofika kwenye kuomba radhi kwamba sikuwahi kumzika, nililia, na nililia mpaka kukapambazuka. Miezi kumi na tatu ilikuwa imepita.

Nimeuacha makusudi wimbo wa saba. "Manatsu no Tōriame": manatsu ni katikati ya kiangazi, tōriame ni mvua ya kupita, ile inayoshuka ghafla jua likiwa kali na kukatika kabla hujapata pa kujikinga. Fuji Keiko alifariki mwezi Agosti, na Agosti ya Japani ndiyo manatsu. Wimbo huu ulitoka siku moja na ule wa maua, 15 Aprili 2016, na wenyewe haukupewa asubuhi. Ulipewa usiku, mwishoni mwa taarifa ya habari ya televisheni nyingine, watu wakiwa wanazima taa.

Anaamka katikati ya ndoto. Anafumba macho arudi, harudi. Maneno yanakuja vipande vipande, yameachwa nafasi katikati, kama mtu anayepumua kabla ya kila neno. Na kuna kitu nilikitambua baada ya kuusikiliza labda mara mia. Jina la wimbo linasema mvua ya kupita. Mwisho wa wimbo anaimba mvua isiyokatika, anairudia, na kiu isiyopona, anairudia. Jina na mwisho vinapingana, na yeye hajavipatanisha. Wanaokuja kutupa pole hutuambia itapita. Walioko ndani ya msiba wanajua ilivyo. Yeye ameyaweka yote mawili katika wimbo mmoja, mvua inayopita na mvua isiyokoma, na kuyaacha hivyo.

Nimeongea vya kutosha. Naomba kaka aliye kwenye spika atusaidie, na walio karibu na swichi wapunguze taa. Feni ziacheni. Ni dakika tano na ushee. Wanaojua Kijapani wasitafsiri kwa jirani kwanza, tusikilize tu. Wimbo wa saba, tafadhali.